Mkono Chini ya Shuka

Jioni moja mjini Garsen, mwaka uliofuata ile mvua ya El Niño, mtoto Abdia aliinua sufuria ya chai motoni kwa mkono mtupu, akaibeba hadi mkekani, akaitua, kisha akauliza sukari iko wapi.

Mama yake, Qabale, alikuwa akikunja nguo. Aliuona mvuke, akauona mkono wa mwanawe, akangoja kilio. Kilio hakikuja.

"Wee Abdia! Hujaungua?"

"Wapi?" mtoto akauliza.

Qabale aliugeuza ule mkono wa kushoto. Kiganja kilikuwa chekundu na malengelenge yalikuwa yanaanza kuinuka. Alikimbilia samli, akampaka huku yeye mwenyewe akiuma meno kwa maumivu ambayo mtoto hakuwa nayo. Abdia alikuwa mtoto wa mapengo mbele na mdomo usionyamaza. Siku nyingine mwiba mdogo tu ungetosha kumfanya awakusanye majirani wote. Jioni ile alikaa akiutazama mkono wake unavyopakwa, akasema ana njaa.

Baba yake, Sadik, aliingia muda si mrefu baadaye akicheka peke yake. Alikuwa na kisa cha kazini na hakuweza kungoja hata kuvua viatu.

Hebu tumwache acheke kidogo, maana ndiyo mara ya mwisho. Sadik alikuwa Muorma, mtoto wa watu wa ng'ombe, ila ng'ombe wenyewe walikuwa wamemalizwa na maji na maradhi yaliyofuata maji. Akapata kazi kwenye shirika moja la misaada lililokuwa likipima sehemu za juu, ili mto ukirudi tena watu wa Idsowe, Minjila na Ndera wajue pa kukimbilia. Mkuu wao alikuwa Bi Nyevu, Mgiriama wa Malindi aliyesomea upimaji. Ndiye aliyewaletea vile vidude vya kushika mkononi vinavyosikiliza satelaiti na kukuambia umesimama wapi duniani. Watu wa Garsen waliviita jipiesi, na kila mzee aliyeonyeshwa alisema kwamba yeye anajua amesimama wapi bila kuambiwa.

Ili vijana wake wajifunze, Bi Nyevu aliwabunia mchezo. Yeye hutangulia, huficha kopo lenye vitu vidogo vidogo, kisha hutia tarakimu za mahali pale kwenye jipiesi na kuwatuma wawili wawili kulitafuta. Atakayelipata achukue kitu kimoja na aache kimoja chake mwenyewe. Jioni Bi Nyevu huenda kulichukua kopo, wote hukaa kwa chai, kila mtu hurudishiwa chake, wanachekana, wanaenda nyumbani. Mchezo hauna ubaya wowote.

Siku ile kopo lilifichwa kwenye kilima nyuma ya Idsowe, palipokuwa na kanisa la wamisionari wa kwanza. Kanisa lenyewe limebaki kuta mbili na mlango usio na mbao. Nyuma yake ni makaburi. Wazungu wale walikuja na kitabu chao, na homa ikawapokea kabla ya wenyeji. Wamelala safu moja, wakubwa kwa watoto, na kando yao wamelala Wapokomo wa kwanza waliobatizwa. Misalaba imeinama na majina yameliwa na mvua.

Mwenzake Sadik alikuwa Uledi, dereva, Mpokomo wa hapohapo Idsowe. Walipofika kwenye ua alisimama.

"Mimi siingii. Wazee wangu wamelala humo, nikawachezee juu ya vichwa? Nenda wewe."

"Si makaburi yenu nyinyi Wakristo?"

"Ndiyo sababu."

Sadik aliingia peke yake. Kidude kilimpeleka mpaka kwenye kaburi dogo la mwisho wa safu, na chini ya jiwe lake, kwenye nyasi, alikuta kopo jeusi lenye kifuniko kizito. Ndani mlikuwa na kifungo cha koti, kipande cha utepe na kijiko kidogo cha fedha cha kulishia mtoto mchanga. Sadik alimsifu Bi Nyevu kimoyomoyo, akachukua kijiko. Akapekua mfuko atafute cha kuacha. Hakuwa na kitu ila bangili ya Abdia, ya fedha, aliyokuwa ameibeba tangu asubuhi ampelekee sonara aitanue kwa sababu mkono wa mtoto umekua. Haidhuru, alijisemea, jioni itarudi. Akaitia.

Kosa lake halikuwa hilo. Kosa lilikuja na mkono wenyewe, kwa mazoea tu, na mtu ambaye hakukulia kwenye soko la mifugo asingelifanya. Pale sokoni Garsen ng'ombe huuzwa kwa namna moja: mnunuzi na muuzaji hushikana mikono chini ya shuka, wakasemezana bei kwa vidole ili asione mtu, na wakipatana muuzaji humpiga mwenzake kiganja na kumwambia, "Halali yako." Neno hilo likishatoka hakuna kurudi nyuma, hata ng'ombe akifia njiani. Sadik alijifunza kulisema kabla hajajua kufunga mkanda wa suruali. Basi alifunga kifuniko, akakipiga kwa kiganja, akasema kwa mzaha, "Haya, halali yako." Jua lilikuwa kali na kifuniko kilikuwa baridi. Hilo alilikumbuka baadaye.

Kambini Bi Nyevu aliweka kopo jekundu mezani, limejaa vilevile.

"Leo mmenishinda kwa uvivu," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyelipata."

"Mimi nimelipata," Sadik akasema, na akakitoa kijiko.

Bi Nyevu alikigeuzageuza. "Hiki si changu. Kopo langu lilikuwa nje ya ua, chini ya mti wa mkoma. Nifiche kitu makaburini kwa watu? Mimi nimelelewa, Sadik." Kisha akawaeleza kwamba vidude vile hukosea, na huweza kukutupa mbali na mahali penyewe. Watu wakamcheka Sadik sana.

"Sasa hilo kopo ulilofungua wewe," Uledi aliuliza, "lilikuwa la nani?"

Wakanywa chai.

Hicho ndicho kisa alichokileta Sadik nyumbani. Alikisimulia chote, akakiweka kijiko mkekani kama ushahidi, akangoja mkewe acheke. Qabale hakucheka.

"Umeacha bangili gani, Baba Abdia?"

"Si ile ya mtoto. Kesho nitaifuata."

"Alikuwa akiivaa mkono gani?"

Sadik alitaka kujibu, ndipo akaona samli kwenye kiganja cha kushoto cha Abdia.

Kulipopambazuka alirudi kilimani na Uledi. Kopo halikuwapo. Mahali pale nyasi zilikuwa zimeshikana na ardhi ilikuwa ngumu, haijafukuliwa na mtu tangu kaburi lichimbwe. Sadik alipiga magoti akachimba kwa panga, kisha kwa kucha, mpaka Uledi akamwita kutoka nje kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mwenzake msibani. Mwisho alikiweka kile kijiko juu ya jiwe, akaomba radhi kwa Kiorma na kwa Kiswahili, akaondoka.

Alipofika nyumbani, Qabale alikuwa amekaa mlangoni na hataki kuingia ndani.

"Mbona umekirudisha?" akauliza.

Kijiko kilikuwa ndani ya kikombe, juu ya sinia, na kikombe hakikuwa chao.

Tangu hapo nyumba ilianza kuwa na saa zake. Adhuhuri, jua likiwa juu ya bati na Garsen nzima imelala, husikika kijiko kikigonga kikombe, polepole, kama cha mtu anayekoroga uji wa mtoto na hana haraka. Qabale akiingia hukuta kimetulia. Alasiri huja harufu ya mshumaa uliozimwa, nao mshumaa hawakuwa nao, taa yao ilikuwa koroboi. Na magharibi, watu wakirudisha mbuzi, Abdia huacha alichokuwa akikifanya, akageuza uso upande wa mto na kuitika, "Abee." Hajaitwa na mtu.

"Nani anakuita, mwanangu?"

"Mwenyewe," Abdia husema, na kuendelea na shughuli yake.

Ganzi ilipanda. Muuguzi wa zahanati alimchoma kwa sindano kuanzia vidoleni, akaona haisikii mpaka kiwiko. Waliporudi tena, haisikii mpaka bega. Alidhani ni ukoma, akapima, haukuwa ukoma. Alishauri waende hospitali kubwa, naye alisema kwa upole, lakini alikuwa akimtazama mtoto zaidi ya ule mkono. Wengi walianza kumtazama hivyo.

Maana haikuwa mkono tu. Abdia alikuwa na kitoto cha mbuzi alichokilea kwa chupa, akilala nacho, akikigombania na ndugu na jirani. Kikafa. Qabale alikifunika kwa gunia na kukaa kumngoja mtoto, ameshaandaa maneno ya kumbembeleza. Abdia akaja, akafunua gunia, akaangalia.

"Kimekufa," alisema. "Leo tunakula nini?"

Siku hiyo Qabale alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu kwa miaka. Alimvuta mwanawe nyuma ya nyumba, akamfinya. Alimfinya mkononi, akamfinya shavuni, akamfinya tumboni kwa kucha mpaka ngozi ikabadilika rangi, huku akimnong'oneza, "Lia. Lia, mama. Nililie tu kidogo." Abdia alimwangalia kwa adabu, akamngoja amalize. Kisha akauliza kama anaweza kwenda. Qabale akabaki amekaa mavumbini na mikono yake mapajani, na kwa mara ya kwanza naye aliona kwamba hana machozi.

Ndani ya nyumba walikuwa wameacha kuongea. Mtu hupika, mtu hula, mtu husali, mtu hulala. Sadik aliendelea kwenda kazini kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Wakamleta Maalim Shee kutoka Kipini, mzee mwembamba mwenye kanzu safi, ambaye watu walisema ametoa majini wakubwa kwa wadogo tangu enzi ya baba yake. Alikuja baada ya alasiri, akakaa mbele ya mtoto, akasoma kwa muda mrefu. Abdia alikaa akisikiliza, miguu ameikunja vizuri. Harufu ya mshumaa ikajaa chumba.

"Ni nani wewe?" Maalim akauliza.

"Mwenye kopo," Abdia akajibu. Ilikuwa sauti yake, na mapengo yake, haikuwa nzito wala haikutisha, na ndiyo maana Qabale alishika ukuta.

"Muislamu ama kafiri?"

"Nilikuwapo kabla ya msikiti na kabla ya kanisa. Walinizikia watu wao juu yangu, sikugomba. Waliokuja kulia waliniachia vitu: kifungo, utepe, kijiko. Nikawawekea. Hawakuniuzia, nami sikudai."

"Mtoto huyu umemwibia nini?"

"Sikuiba. Baba yake ameniuzia mbele ya macho yangu, akapiga mkono, akasema halali. Nachukua changu kidogo kidogo."

Maalim Shee alifunga msahafu. Alimwita Sadik uani, na wakati wa kusema alikuwa hataki kumtazama.

"Mwanangu, mwivi twajuana, humtowa kwa aya na fimbo. Huyu si mwivi. Ana haki yake, na mwenye haki sina ndia ya kumfukuza."

"Atamuua?"

"Akifika moyoni hatamuua. Mtoto taishi, tala, takuwa mkubwa, taolewa. Ila hatakuwa na habari na mtu. Wala mamake, wala wewe, wala watoto wake mwenyewe. Tawaangalia tu."

"Mpaka moyoni bado kiasi gani, Maalim?"

"Yeo amekaa begani," Maalim akasema. "Bega na moyo si mbali."

Sadik alitembea mpaka sokoni bila kujua anakwenda wapi. Soko lilikuwa limekwisha, mavi ya ng'ombe yanakauka, na mzee Dubow amekaa kwenye kivuli cha banda akinywa chai yake ya mwisho. Dubow alikuwa Msomali, dalali wa mifugo tangu baba yake Sadik akiwa kijana, na shuka lake la begani lilikuwa limefunika bei nyingi kuliko mtu mwingine yeyote pale. Sadik alimwambia yote. Hakujua kwa nini anamwambia yeye. Labda kwa sababu ndiye aliyemfundisha lile neno.

"Adeer," alisema, akimwita ami kwa Kisomali, "nimemuuza mtoto wangu."

Dubow alimaliza chai. "Wewe sikia mimi. Bei ikishapigwa mkono, mimi siwezi vunja. Sheikh pia hawezi. Ukitaka vunja, yule anakuwa na haki zaidi." Akafuta ndevu. "Lakini mtu anaweza nunua ng'ombe yake tena. Hiyo iko. Hiyo ni biashara mpya."

"Kwa bei gani?"

"Hapo ndiyo mbaya. Wewe uko na shida, yeye hana. Mwenye shida hapati bei nzuri."

Walikwenda kesho yake baada ya adhuhuri, Sadik, Dubow na Maalim. Uledi aliwapeleka kwa gari la kazi bila kumwomba mtu ruhusa. Safari hii aliingia ndani ya ua, akavua kofia, akawaamkia wazee wake kwa Kipokomo mmoja mmoja, kisha akasimama penye ukuta wa kanisa na hakusogea tena. Maalim Shee alisoma akiwa nje, akamwita mwenye kopo kwa heshima kama anavyoitwa mtu aliyealikwa, akanyamaza. Dubow alivua shuka lake begani, akalitandaza juu ya jiwe la lile kaburi dogo.

"Tia mkono," akanong'ona. "Mimi nitataja bidhaa. Akitaka, atashika. Hataki, atasukuma. Usiangalie chini. Usitoe mkono kabla ya mwisho, hata nini."

Sadik alitia mkono wa kulia chini ya shuka. Jiwe lilikuwa la moto kwa jua. Walingoja. Njiwa waliokuwa wakilia kwenye mikoma walinyamaza, na upepo uliokuwa ukitoka mtoni nao ukaacha, na harufu ikaja, ile harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ikatulia puani mwa watu wanne waliosimama kwenye jua kali bila kupumua vizuri. Kisha upande wa pili wa jiwe, upande usiokuwa na mtu, shuka likainuka, kiasi cha mkono kupita.

Vidole vilikuwa vikavu. Havikuwa vya mtoto wala vya mzee. Vilikuwa vya mtu anayejua soko.

"Kijiko kinarudi," Dubow akasema.

Vidole vilimsukuma.

"Na mtamba juu yake. Mtamba mzuri, mimi mwenyewe ninatoa."

Vikamsukuma.

"Na fahali. Na gari ikipatikana, na shamba…" Dubow alitaja mpaka akaishiwa, na kila alipotaja kitu vidole vilimsukuma Sadik pole, bila hasira, kama anayemwondolea mtu nzi. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee ndevuni. Alimtazama Sadik, akatikisa kichwa.

Lakini ule mkono haukuondoka. Ulikuwa na bei yake, na sasa ulianza kuisema wenyewe, ukamshika Sadik kidole cha mwisho na kukiacha, ukashika kinachofuata na kukiacha, na kila kidole ulichokiacha hakikurudi, hakikuuma wala hakikuwa baridi, kilitoweka tu kwenye hesabu ya mwili wake, ukapita kiganjani taratibu kama mtu anayepapasa ubavu wa mnyama kutafuta nyama iko wapi, ukafika kwenye kifundo, pale mshipa unapopiga, ukatulia hapo, ukawa unausikiliza, na Sadik akajua ule mkono hautaki mkono wake. Unataka kilichokuwa kikipiga. Unataka kilekile ulichokuwa ukikichukua kwa mtoto, ila kwa mtu mzima kipo zaidi, kimeshalimbikizwa na miaka, na mnunuzi yeyote mwenye akili angebadilisha.

Angeweza kusukuma. Ilikuwa haki yake, na hofu ilikuwa imemshika, hofu ya kweli, na hata hiyo aliihurumia kwa kuwa nayo inakwenda. Alimfikiria Abdia akifunua gunia na kuuliza wanakula nini. Alimpenda mno wakati ule, kwa uchungu uliomfanya ajikunje juu ya jiwe. Akafumba macho, akaukamata ule mkono kwa nguvu, akaupiga kiganja.

"Halali yako," akasema.

Shuka likalala. Njiwa wakaanza tena.

"Mmepatana?" Dubow akauliza. "Kwa kiasi gani?"

Sadik alitoa mkono, akautazama mbele na nyuma. "Bei ni ya chini ya shuka, adeer," alisema, na mzee hakuuliza tena, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Walipolifunua shuka, bangili ilikuwa juu ya jiwe.

Kilio walikisikia kabla hawajazima gari. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Abdia alikuwa katikati ya uwanja akilia kwa mdomo wote wazi, analilia mkono wake ulioungua zamani na kupona, analilia alipofinywa, analilia kile kitoto cha mbuzi akikiita, vilio vyote vya tangu siku ile vimemjia kwa pamoja na hajui aanze na kipi. Qabale alikuwa amempakata, naye analia, anacheka, anambusu kile kiganja chenye makovu, anawaambia majirani, "Sikieni! Msikieni anavyolia!" Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Dubow aligeuka akajifuta macho kwa shuka.

Sadik alisimama penye mlango wa gari akingoja furaha.

Alijua inafaa ije sasa. Alimwona mtoto akimkimbilia, akainama kama baba anavyoinama, akaiona mikono miwili midogo ikizunguka shingo yake. Aliona pia machozi yakimlowesha shati. Alipangusa kichwa cha mtoto kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

"Baba Abdia," Qabale akasema, uso wake unang'aa, "mbona huna hata neno?"

"Nimechoka," Sadik akajibu.

Aliamini ni uchovu, au alisema hivyo, kwa siku kadhaa. Qabale alimpikia anachokipenda na yeye akala. Alisali kwa wakati, akaenda kazini, akapima vilima vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu mawazo yake hayakuwa na pengine pa kwenda. Bi Nyevu alimpandisha cheo. Alipompa habari mkewe alimpa kama mtu anayesoma tangazo. Usiku Qabale alimgeukia, akamshika uso, akamtazama sana, kisha akamwachia, akalala akiangalia ukuta. Alikuwa ameshaelewa. Hakumuuliza, maana alijua angemjibu ukweli.

Ijumaa moja Sadik alikuwa amekaa kibarazani baada ya sala, mikono mapajani. Abdia alikuja akakaa mbele yake, akamwangalia kwa muda. Majirani walisema Sadik amekuwa mtu mzito, na ndugu zake walisema ni kazi ya wazungu inamchosha. Mtoto peke yake ndiye aliyewahi kufika kule, akaona palivyo.

"Aba," akauliza kwa sauti ya chini, "sasa ni wewe uko huko?"

"Ndiyo."

"Hakuna kitu huko, sivyo?"

Sadik alifikiri ampe jibu lililo sahihi. "Hakuna," akasema.

Abdia akamlalia baba yake mapajani, akamlilia, akalia sana, kwa niaba yake, mpaka sauti ikamkwama. Sadik alimwangalia mpaka alipomaliza, kisha akauliza chakula kiko tayari.